Nani Anamfuatilia Mtoto Baada ya Rufaa?

Hotuba kwa wadau wa malezi na makuzi ya watoto wadogo ngazi ya halmashauri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, Mganga Mkuu wa Wilaya, maafisa ustawi wa jamii, maafisa elimu wa kata, waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wetu wa dini, na nyinyi wazazi mlioondoka nyumbani alfajiri, baadhi yenu mkiwa na watoto mgongoni: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa watoto, na nimeifanya kwa miaka mingi. Nimeombwa nizungumzie uratibu wa huduma kwa watoto wadogo wanaochelewa kufikia hatua za makuzi, yaani kukaa, kutambaa, kutembea, kusema na kucheza na wenzao. Kwa kuwa neno "uratibu" limetumika sana vikaoni hadi limepungua makali, naomba nianze na bahasha.

Mama mmoja alikuja kwetu akiwa amembeba mwanawe wa miaka 2 na miezi 4, ambaye hakuweza kukaa bila kushikiliwa na ambaye shingo yake ilikuwa bado inalegea. Nilimwuliza wamekwisha kupita wapi. Hakunijibu kwa maneno. Alifungua bahasha ya kaki iliyochakaa pembe, akazipanga karatasi zake mezani moja baada ya nyingine kama mtu anayegawa karata. Ilikuwapo kadi ya kliniki, ambayo mstari wake wa uzito ulipanda vizuri, ukaanza kulala, kisha ukakatika kwenye mwezi wa 18. Ilikuwapo karatasi ya rufaa ya kwenda hospitali. Ilikuwapo fomu ya hospitali yenye herufi mbili tu za Kiingereza kwenye nafasi ya ugonjwa, ambazo kwa miezi kadhaa hakuna aliyemweleza kwamba maana yake ni mtindio wa ubongo. Ilikuwapo barua ya mtendaji wa kijiji ya kumtambulisha ofisi ya ustawi wa jamii. Mwisho kabisa kilikuwapo kipande cha karatasi ya daftari chenye namba ya simu ya mwalimu wa elimu maalumu ambaye, alipopigiwa, alisema amekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Karibu kila karatasi iliuliza yaleyale: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, je, alilia mara alipozaliwa? Hakuna hata moja iliyoitaja nyenzake. Yule mama akasema, "Mimi ndiye ninayewaunganisha. Nikisahau kusema, basi, tunaanza upya."

Ndugu zangu, tusidanganyane kwamba hatuna mratibu. Mratibu tunaye, ni yule mama, na tumemwajiri bila mshahara, bila nauli na bila vocha ya simu, kisha tunamlaumu anapochelewa. Hoja yangu leo ni moja, na nitaizunguka kwa pande kadhaa: rufaa haikamiliki inapoandikwa na kupigwa mhuri, bali inakamilika pale mtoto anapopokelewa upande wa pili na aliyemtuma akapata habari kwamba amefika. Mpaka pawepo mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, ambaye ni wajibu wake kuuliza "je, alifika?", hayo mengine yote tunayoyaita mfumo ni karatasi ndani ya bahasha ya mama.

Huenda mtu akauliza haraka ya nini, kwa kuwa sote tumelelewa tukisikia kwamba kila mtoto ana siku zake, kwamba wa kiume huchelewa kusema, na kwamba hata baba yake alitembea akiwa na miaka miwili. Maneno hayo yana ukweli wake, na sitaki mzazi yeyote atoke hapa na hofu kwa sababu mwanawe amechelewa wiki tatu. Lakini yapo mambo ambayo siku zake zikipita hazirudi. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, tunazoziita mguu kifundo, akifikishwa mapema hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, mara nyingi tano hadi saba, kisha kano ya kisigino hukatwa kidogo inapobidi, na baada ya hapo huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma wakati wa kulala hadi anapokaribia miaka 4. Huduma hiyo ipo nchini, ile ya hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Tazameni lakini urefu wa safari yenyewe: wiki kadhaa za plasta na miaka kadhaa ya viatu. Fundi wa plasta anaweza kufanya kazi nzuri kabisa, mguu ukanyooka, kisha ukapinda tena kwa sababu viatu vilibana, mama akavivua, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa uziwi, mapendekezo yanayofuatwa na wataalamu kimataifa ni kwamba mtoto apimwe usikivu kabla hajamaliza mwezi 1, athibitishwe kabla ya miezi 3, na aanze kuhudumiwa kabla ya miezi 6, iwe kwa kifaa cha kusikia, kwa lugha ya alama, au kwa vyote viwili. Sisi hapa tunawagundua wengi wao siku wanapoandikishwa shule, wakiwa wamekwisha kuitwa wakaidi. Kwa mtoto ambaye kichwa chake kinajaa maji, kifaa cha kwanza cha utambuzi ni utepe wa fundi cherehani unaozungushwa kichwani kila anapofika kliniki, na upasuaji unaofanyika mapema, kama ule wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, humwokolea mambo ambayo upasuaji wa mwaka mmoja baadaye hauwezi kuyarudisha.

Nataka nikae kidogo kwenye mtindio wa ubongo, maana huko ndiko kazi yangu ya kila siku iliko na huko ndiko tunakopoteza muda mwingi zaidi. Wengi wanadhani kwamba kwa kuwa hakuna dawa ya kuurudisha ubongo ulivyokuwa, basi hakuna la kufanya. Mchukueni yuleyule mtoto wa bahasha. Tatizo lake la kwanza siku ile halikuwa kutembea, lilikuwa kula. Mama alikuwa anamlaza chali mapajani, kichwa kikianguka nyuma, na kumtilia uji mdomoni kwa kijiko kikubwa. Mtoto anapaliwa, anakohoa, analia, na mlo mmoja unachukua zaidi ya saa nzima. Uji unaoingia njia ya hewa huleta nimonia, na kila nimonia inampunguzia uzito. Tulichofanya hakikuhitaji mashine. Tulimwinua akakaa karibu wima, mgongo wake ukiegemea mkono wa mama, magoti yamekunjwa, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Uji ukafanywa mzito zaidi, kijiko kikawa kidogo, na mama akafundishwa kusubiri mpaka ameze ndipo amwekee tena. Wiki iliyofuata fundi seremala wa kijijini kwao alimtengenezea kiti cha pembe, yaani chenye egemeo lenye umbo la kona, na meza ndogo mbele, kwa mbao za mabaki. Mtoto akaanza kula akiwa amekaa, mikono yake iko huru, anawaona ndugu zake. Uzito ukapanda. Hicho ndicho tunachokiita afua ya mapema, na wakati ule kilikuwa kimechelewa kwa karibu miaka miwili.

Angalieni pia kwamba hatukusubiri jina la ugonjwa ndipo tuanze. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ni mazoea yetu kumzungusha mzazi akitafuta kipimo huku mtoto akikaa bila msaada, ilhali mtoto asiyeweza kukaa anahitaji kusaidiwa kukaa leo, iwe chanzo ni uchungu uliochukua muda mrefu, homa ya uti wa mgongo au jambo lisilojulikana. Utafutaji wa chanzo uendelee, nao ni muhimu, hasa pale penye degedege au mtoto anapopoteza uwezo aliokuwa nao. Ila mambo hayo mawili yaende pamoja.

Tatizo hili si la nyumba moja wala la wilaya moja. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba mwaka 2016 walikuwapo duniani watoto wapatao milioni 52.9 wenye umri chini ya miaka 5 wenye ulemavu wa makuzi, ukiwamo wa kusikia, kuona, akili, kifafa na usonji, na kwamba asilimia 95 yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Msiichanganye hesabu hiyo na ile nyingine ya watoto milioni 250 walio katika hatari ya kutofikia upeo wa makuzi yao, kwa kuwa hiyo ya pili inahusu umaskini na udumavu. Nimeshuhudia taarifa zetu zikiziandika kama kitu kimoja.

Sasa tutazame kalenda yetu wenyewe. Mtoto wa Tanzania anaonekana na mtaalamu anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Mahudhurio hayo tumeyajenga kwa jasho, na akina mama wanayaheshimu. Baada ya mwezi wa 18 sindano zimekwisha, na ingawa kadi inataka mtoto apimwe uzito hadi miaka 5, wengi hawarudi. Atakayemwona tena kwa lazima ni mwalimu wa darasa la awali, mtoto akiwa na miaka 5. Kati ya mwezi wa 18 na miaka 5 pana pengo la miaka mitatu na nusu, na pengo hilo limeangukia palepale ambapo kutosema, kutocheza na wenzake na kutotembea kunaonekana wazi hata kwa jirani. Tumewazoesha wazazi kwamba kliniki ni mahali pa sindano. Sindano zikiisha, kwao kliniki imeisha.

Hatuna upungufu wa nyaraka. Sheria ya Mtoto ni ya mwaka 2009. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilileta kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo sote tunaifahamu kwa kifupi cha PJT-MMMAM, ikimhusu mtoto tangu mimba hadi miaka 8 na ikikusanya afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mzazi kumsikiliza na kumjibu mtoto), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama chini ya mwavuli mmoja. Mimi ni miongoni mwa walioifurahia, na bado naitetea. Lakini mwavuli huo ukishuka hadi kwenye kata, unagawanyika tena: lishe ina kamati yake, ulinzi wa wanawake na watoto una kamati yake, watu wenye ulemavu wana yao, na mara nyingi ni watu walewale sita wanaohama kutoka benchi moja hadi jingine wakibadilisha daftari la mahudhurio. Simdhihaki mtu, maana nami nimekaa kwenye benchi hizo. Nasema tu kwamba kamati hujadili watoto kwa idadi, na mtoto aliyekwama barabarani kati ya zahanati na hospitali si idadi.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Kenya ilianza mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, kuanzisha vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, ambavyo vilimpa mzazi mlango mmoja wa kubisha badala ya minne. Udhaifu ninaouona ni kwamba vituo hivyo viliwekwa upande wa elimu, na mlango wa shule, hata ukiwa mzuri namna gani, ni vigumu kumvuta mtoto wa miezi 8. Kutoka Kenya hiyohiyo, Kilifi, watafiti walitengeneza kipimo cha makuzi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, wakikijaribu kwa watoto wa pwani yenyewe badala ya kupima watoto wetu kwa vitu wasivyowahi kuviona. Hilo nalo ni somo: ukimwuliza mtoto wa kijijini apange vipande vya mchezo ambao hajawahi kuushika, unapima duka, humpimi mtoto.

Marekani, kwa sheria ya mwaka 1986, iliweka utaratibu kwa watoto walio chini ya miaka 3 ambao kiini chake ni kwamba kila familia inapewa mtu mmoja wa kuratibu huduma zote, bila malipo. Kuanzia siku mtoto anapoelekezwa hadi kikao cha kuandika mpango wa huduma za mtoto na familia yake hazitakiwi kuzidi siku 45. Na mpango huo hupitiwa upya kila baada ya miezi 6. Fedha zao hatuna, wala idadi yao ya wataalamu. Ila saa ya ukutani tunayo. Kuhesabu siku tangu mtoto aelekezwe hakuhitaji bajeti, na kwa kuwa hatuhesabu, hakuna anayeona aibu miezi minane inapopita.

Napendekeza nini basi? Pendekezo langu ni dogo kiasi kwamba wengine mtaliona halistahili hotuba. Kila kituo chenye kliniki ya mama na mtoto kiwe na daftari moja la watoto wanaofuatiliwa, na daftari hilo liwe na mwenyewe. Nimefikiri sana mwenyewe awe nani. Kwa kitabu angekuwa afisa ustawi wa jamii, lakini kata nyingi hazina afisa huyo, na aliyepo anabeba ndoa, mirathi na watoto waliotelekezwa. Nimeishia kwa muuguzi wa kliniki, kwa sababu ndiye ambaye mama anamfahamu na ndiye aliyemshika mtoto tangu wiki ya kwanza. Najua wauguzi waliopo hapa wananitazama kwa jicho kali, na wana haki. Kwa sababu hiyo sisemi muuguzi amtembelee mtoto nyumbani. Kutembelea ni kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye hata hivyo anapita kaya kwa kaya. Muuguzi anashika daftari, anapiga simu mara mbili kwa mwezi, na panapokwama anampigia mtu mmoja wa halmashauri, ambaye huyo sasa ni lazima awe afisa ustawi aliyeteuliwa kwa barua, ili simu hiyo isipokelewe kama hisani.

Rufaa inapotolewa, mama apewe karatasi yenye jina la mtu anayemwendea na siku ya kumwendea, maana "nenda hospitali" si maelekezo. Aliyempokea aandike nyuma ya karatasi hiyohiyo mambo matatu, kwa Kiswahili: ameona nini, amefanya nini, na mtoto arudi lini na kwa nani. Ikipita wiki mbili bila majibu, daftari linampigia simu mama, naye aulizwe kwanza kama alikosa nauli kabla ya kuulizwa kwa nini hakwenda. Huduma kwa watoto chini ya miaka 5 katika vituo vya umma sera inasema ni bure, lakini basi si bure, bodaboda si bure, na siku ya kuacha shamba wakati wa palizi si bure pia. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini tayari zina sharti la kuwapeleka watoto wadogo kliniki. Naomba waratibu wake wakae na mwenye daftari, ili kaya yenye mtoto aliyekosa kliniki kwa sababu hawezi kubebwa umbali ule isionekane kaya korofi.

Kwa ile miaka mitatu na nusu ya pengo, tunayo nafasi ambayo tunaipoteza mara mbili kila mwaka. Mwezi Juni na mwezi Desemba tunawaita watoto kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka 5 kwa matone ya vitamini A na, kwa waliotimiza mwaka, dawa za minyoo. Wanakuja kwa wingi, wanapanga foleni, wanapanua midomo, wanaondoka. Dakika mbili za foleni zinatosha kumwuliza mama maswali machache: anakaa, anatembea, anageuka akiitwa jina, anasema maneno mangapi, anacheza vipi na wenzake, yapo aliyokuwa akiyafanya na sasa ameyaacha? Mtoto ambaye majibu yake yanatia shaka, jina lake liingie kwenye daftari. Tusimwambie mama palepale foleni, mbele ya majirani, kwamba mtoto wake "ana tatizo". Nimeshuhudia ndoa ikivunjika kwa sentensi moja iliyosemwa kwa sauti ya juu. Tumwambie tungependa kumwona tena Jumanne, aje na baba kama inawezekana, au aje na bibi, kwani mara nyingi bibi ndiye anayeamua kama mtoto atarudi kliniki au atapelekwa kwa mganga wa kienyeji kwanza. Mashehe na wachungaji waliopo hapa mna neno linalosikika kuliko langu katika hilo, hasa kwa akina baba wanaokimbia.

Kuhusu shule nitasema kwa ufupi. Mtoto aliyeko kwenye daftari anapotimiza miaka 4 na nusu, mwalimu wa awali wa shule ya jirani aitwe aje amwone, azungumze na mzazi, ajue anakaa vipi, anakula vipi, anaonesha vipi kwamba anataka kwenda chooni. Asikutane naye kwa mara ya kwanza Januari, akiwa na watoto wengine themanini mbele yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, daftari lenyewe nimekuja nalo, limechorwa kwa rula, nimeliweka hapo mezani. Zahanati mbili zimekwisha kukubali kuanza nalo kwenye matone ya Juni. Kabla ya chai ningeomba kikao kiamue mambo mawili tu: ni afisa ustawi gani atakayeandikiwa barua ya uteuzi, na vocha ya simu ya wauguzi hao wawili itatoka kwenye kifungu gani. Yule mama wa bahasha amekaa safu ya tatu, karibu na dirisha, na ameniruhusu niseme kwamba yuko tayari kujibu maswali yenu. Mwanawe yuko naye, na kile kiti cha pembe wamekuja nacho pia, kwa wale mtakaopenda kuona mbao zilivyounganishwa ili mafundi wa vijijini kwenu wachukue vipimo.